Msimamizi Bila Harusi

Jameni, nimerudi. Kabla hamjanitumia "hongera mama mkwe" nyingine kwenye kikundi chetu cha simu, tulieni niwaeleze ile picha ilitoka wapi. Ni kweli yule ni mimi. Ni kweli nimezungukwa na wazee wa Kimaasai na mbele yangu kuna sukari na blanketi mbili. Ni kweli pia kijana aliye kando yangu amevaa suti. Lakini mnajua vizuri kwamba sina mtoto wa kiume. Huyo ni Baraka, mwanafunzi wangu wa uzamivu, na suti hiyo ndiyo anayoivaa kila ninapomtembeza kuwaonyesha watu kwamba uzamivu hauui.

Chuoni, kama mnavyojua, nafundisha uhandisi. Kwa miaka mitatu nimeongoza mpango wa kuwalea wanafunzi wetu wasome mpaka wapate udaktari wa vitabu, kisha waende viwandani na hospitalini, badala ya kurudi darasani kufundisha wengine watakaorudi darasani. Mpango una nembo, una fulana, una kauli mbiu. Kitu ambacho haukuwahi kuwa nacho ni mwanafunzi hata mmoja aliyefika kiwandani.

Mwaka huu tukampata. Anaitwa Naserian, msichana wa Kajiado aliyehitimu kwetu na aliyekuwa akifanya kazi ya muda ya kutunza mashine katika kituo kimoja cha afya huko kwao. Kiwanda cha vifaa vya hospitali kilikubali kumsomesha uzamivu. Nafasi ilikuwa moja tu, na mwisho wa kuikubali ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Naserian alikaa na fomu wiki nzima bila kuijaza. Alisema hawezi kuandika jina lake kabla babake hajasema neno, na babake alikuwa amesikia kwamba kaunti inaajiri watu wa kazi ya kudumu.

Nikampigia mzee simu mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mimi ni msimamizi wa Naserian," nikamwambia. "Nataka kuja na kijana wangu mmoja tuongee na nyinyi kuhusu mipango ya Naserian."

Mzee akauliza, "Huyo kijana ni wa wapi?"

"Wa Machakos."

"Iko na kazi?"

"Bado anasoma, mzee, lakini yuko karibu kumaliza."

"Haya. Mkuje Alhamisi. Nitaita wazee."

Nikaona mambo yamekuwa rahisi kweli. Kwetu chuoni msimamizi ni yule anayesimamia utafiti wa mwanafunzi. Nilisahau kwamba kwa Wakenya wengine wote msimamizi ni yule anayesimama na maharusi kanisani, na ambaye huitwa baadaye wakianza kurushiana sahani.

Kitengela: mgeni wa heshima

Jumatano asubuhi tulikuwa na semina katika hoteli moja Kitengela, na mpango wangu ulikuwa tumalize saa tano, tule, tuondoke. Nilikuwa nimewaalika wanafunzi wa uhandisi arobaini kuja kusikia namna ya kujijengea maisha ya utafiti katika viwanda na hospitali. Walikuja sitini, kwa sababu tangazo lilitaja chakula cha mchana.

Mgeni wa heshima alitakiwa kufungua semina saa tatu. Alifika saa sita na nusu. Muda huo wote hatukuweza kuanza, maana huwezi kuendelea na kitu ambacho hakijafunguliwa. Wanafunzi walikunywa chai mara mbili, wakapiga picha chini ya bango, wakalala. Alipofika alizungumza kwa saa nzima juu ya jinsi alivyotembea bila viatu kwenda shule, akawataka wasitafute kazi bali watengeneze kazi, akauliza jina la semina, akaifungua na kuifunga papo hapo ili awahi mkutano mwingine.

Nilibanwa nikatoa hotuba yangu kwa dakika kumi na moja. Nina picha ya ngazi ninayopenda kuionyesha: chini shahada ya kwanza, katikati uzamili, juu uzamivu, na kileleni mtu aliyeinua mikono. Kisha nikamsimamisha Baraka.

"Huyu ni mfano hai," nikasema.

Baraka akafunga kifungo cha suti. "Mimi niko karibu kumaliza," akawaambia, na makofi yakalia.

Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Sorry Madam, nauliza tu. Hiyo ngazi, mtu huwa anashuka aje?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, nikasema ni swali zuri tutalijibu baada ya chakula. Baada ya chakula hakukuwa na mtu ukumbini. Nyama ya Kitengela ina sifa zake, na waliokuja kwa ajili yake waliila wakaenda zao. Mimi na Baraka tulikuta mchuzi, kachumbari na chapati moja, tukaigawana tumesimama.

Kutoka hotelini mpaka kutoka nje ya mji ilituchukua karibu saa mbili. Malori ya kwenda mpakani Namanga yalikuwa yamepangana, na katikati yake kundi la mbuzi lilikuwa likivuka bila haraka yoyote. Baraka alikaa ameshika begi la laptopu magotini. Nilimuuliza utafiti unaendeleaje. Akasema unaendelea vizuri, Prof. Ananiita Prof ingawa chuo bado hakijakubaliana naye.

Kisaju: blanketi mbili

Tulipofika Kisaju gari likaanza kuyumba. Pancha. Fundi wa tairi aliliangalia gurudumu, akaniangalia mimi, akasema ana wateja wengine mbele. Wateja wenyewe walikuwa magurudumu manne ya trekta yaliyolazwa chini. Tukaingia dukani kando ya barabara kununua maji.

Mwenye duka ni mama anayeitwa Mama Halima. Watu wao walitoka Garissa zamani, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Kisaju. Anauza kila kitu, kuanzia dawa ya kupe hadi mafuta ya nywele. Alitutazama kutoka suti ya Baraka hadi viatu vyangu vya semina.

"Mnaenda wapi hivi, mama?"

"Tunaenda kwa kina msichana mmoja, ng'ambo ya Kajiado. Kuongea na babake."

"Huyu ndio kijana?"

"Ndiyo, huyu ndiye kijana wangu."

"Mashallah. Na wewe ni mamake?"

"La, mimi ni msimamizi."

Mama Halima akaweka chini kalamu aliyokuwa ameishika. "Na mnaenda mkono mtupu? Wallahi mama, msinifanyie hivyo. Mmesoma mpaka mmesahau watu?"

Nikajitetea kwamba ni mazungumzo tu. Hakunisikiliza. Akapanda kwenye stuli, akashusha sukari, majani ya chai, na blanketi mbili nzito za mistari. "Hii nyekundu ni ya mzee. Hii ni ya mama. Usipe mama ya mzee. Mzee akishafunikwa, atasikia maneno."

Niliona ni adabu ya kuwatembelea wazee, nikashukuru nimepata mtu wa kunielekeza. Ningekuwa mtu makini ningeuliza kwa nini anamtazama Baraka kwa huruma namna ile.

"Na mnangoja mpaka lini?" akaniuliza akifunga kamba.

"Kwa kawaida ni miaka minne. Ikienda vibaya, sita."

"Miaka sita!" Akamgeukia Baraka. "Na wewe umekubali?"

"Sina namna, mama," Baraka akasema.

Mama Halima akamwongezea chupa ya maji bure.

Kajiado mjini: maji ya chumvi

Tulilala Kajiado, na Alhamisi asubuhi tukamkuta Naserian kazini, amepiga magoti mbele ya mashine ya kutakasia vyombo vya kujifungulia akina mama. Alikuwa amevaa ovaroli, ana bisibisi mdomoni.

"Madam, karibu. Usishike hapo, ni moto."

Akatufungulia mlango wa mashine. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mnene, wa aina ile inayoganda ndani ya birika lako ukiishi mahali pa maji ya kisima. Akakwangua kwa bisibisi, kipande kikaanguka.

"Hii ndio ya tatu," akasema. "Hizi zingine mbili ziko kwa store. Zilikuja mpya kabisa, na cheti. Haikumaliza mwaka. Maji yetu iko na chumvi mingi, na huko zinatengenezewa hakuna mtu alionja maji yetu."

"Na zikifa mnafanyaje?"

"Tunachemsha kwa sufuria, Madam." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu. Mlangoni mkunga alikuwa amesimama na trei tupu, anangoja.

Hiyo ndiyo kazi aliyotaka kuifanya Naserian. Alitaka akae nusu ya wiki kiwandani, mashine zinakotengenezwa, na nusu hospitalini, zinakofia, mpaka aweze kutengeneza mashine inayoweza kuyavumilia maji ya Kajiado. Katika hotuba zangu huwa nasema "kuziba pengo kati ya sekta". Yeye alisema anataka mkunga apate trei.

Nikamwambia nitamsaidia ili tuondoke mapema. Niko na udaktari wa uhandisi wa mitambo, na kwa mamlaka ya udaktari huo nikafungua vali niliyoona inafaa. Maji ya moto kiasi yakaruka yakampata Baraka kwenye suti, kuanzia tai kwenda chini. Naserian akaifunga kwa mkono mmoja bila kusema kitu, akaniomba kwa heshima nikangoje nje.

Baada ya saa mbili akatoka. "Madam, nyinyi tangulieni. Siwezi toka mpaka huyu wa zamu afike. Nitakuja na boda. Lakini hata mimi sielewi, Baba amesema wazee wameitwa. Nimeuliza ni wazee wa nini, akakata simu."

"Labda anataka kutupa heshima," nikasema.

"Labda," akasema Naserian, akaniangalia kama aliyetaka kuongeza jambo. Kisha akampa Baraka taulo.

Nyumbani kwa Mzee Lemayian

Barabara ya kwenda kwao ni vumbi tupu, na mara mbili tulifika kwenye geti lisilo lao. Geti la pili mtu alituambia kabla hatujauliza: "Nyinyi ndio wa Naserian? Nyumba ile ya mabati ya kijani. Mbuzi imechinjwa." Nikamwambia Baraka kwamba watu wa huku wanathamini elimu kuliko tunavyofikiri.

Wazee sita walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki upande wa kivuli cha nyumba. Mzee Lemayian, babake Naserian, ni mrefu, mkimya, ana koti juu ya shuka. Baraka alikuwa amesoma mahali kwamba kijana wa Kimaasai humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa. Akainamisha. Mzee akamgusa utosini, na wazee wengine wakaguna kwa kuridhika. Mama Naserian akanisalimia kwa Kimaasai. Mimi najua neno moja tu, nikajibu "epa". Akacheka kwa sababu hilo si jibu la salamu ile, akanishika mikono yote miwili hata hivyo. Nikatoa blanketi, nyekundu kwa mzee. Mtu akapiga picha. Ndiyo hiyo mliyo nayo.

Msemaji wao alikuwa Mzee Koinet, kakake Mzee Lemayian, mtu aliyefanya biashara ya ng'ombe miaka mingi na anayeuliza maswali kama anayekagua meno ya mnyama.

"Tumeona mmekuja na heshima," akaanza. "Sasa tuelezeni. Huyu kijana na msichana walijuana wapi?"

"Kwenye maabara, mwaka jana. Baraka alikuwa akimwelekeza."

Wazee wakatazamana. Koinet akaendelea. "Mkimchukua, ataishi wapi?"

"Nusu ya wiki kiwandani, nusu hospitalini."

"Hamna nyumba?"

"Kuna hosteli, mzee."

Mama Naserian akasonya. Nami, nikidhani wasiwasi wao ni usalama, nikaeleza kwamba hosteli ina mlinzi.

"Na hiyo mambo itachukua muda gani?"

"Miaka minne. Wengine mitano. Baraka yuko mwaka wa sita, lakini yuko karibu kumaliza."

"Halafu?"

"Halafu Naserian atakuwa huru. Anaweza kwenda popote. Hata ng'ambo."

"Peke yake?"

"Wengi huenda peke yao."

Mzee mmoja akainuka, akaketi tena. Mzee Lemayian aliivua blanketi nyekundu mabegani taratibu, akaikunja, akaiweka magotini. Nikaona nimwage sifa zangu, maana ndivyo tunavyofanya kwenye semina hali ikiwa ngumu.

"Wazee, msiwe na hofu. Mimi si mgeni katika kazi hii. Huyu si wa kwanza kumsimamia. Nimeshasimamia kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja," akasema Koinet. "Hiyo ni wengi. Wako wapi sasa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kwenye ripoti tunaandika walioandikishwa tu. Nikajikuta nawatafuta mmoja mmoja kichwani, mbele ya wazee. "Mmoja anauza vigae Kitengela. Watatu waliacha. Wawili wako ng'ambo, hawapigi simu. Watatu... bado wanaendelea, pamoja na Baraka. Na wawili wamemaliza."

"Wawili."

"Wawili, mzee."

Koinet akavua kofia. "Mama, wewe umesimamia harusi kumi na moja, na ni mbili tu imesimama?"

"Harusi gani?" nikauliza.

Nilisikia Baraka akivuta pumzi kando yangu. Yeye alielewa kabla yangu. Akageuka kuzitazama blanketi, sukari, wazee, kisha suti yake yenye doa la maji, na nikaona damu ikimpanda mpaka masikioni.

Wakati huo huo boda ikaingia, na Naserian akashuka na ovaroli yake. Mamake akamwambia kitu kwa Kimaasai. Naserian akamtazama Baraka, akanitazama mimi, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia mpaka nikasikia kicheko. Akawaeleza kwa Kimaasai, kwa kirefu, na nikasikia neno "PhD" likipita katikati mara tatu. Wazee wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine, na yule aliyekuwa ameinuka akacheka mpaka kiti cha plastiki kikapinda mguu.

Nikacheka nami, nikitumaini ndio mwisho wake. Lakini Mzee Lemayian hakucheka. Akangoja watulie.

"Sawa," akasema. "Si harusi. Lakini kumi na moja ni kumi na moja. Hiyo kazi ya kaunti, nikiuliza watu kumi na moja, wote watakuwa kazini kesho. Yako, wawili." Akamgeukia Baraka. "Wewe kijana. Miaka sita. Shida iko wapi? Kichwa?"

Baraka akaangalia viatu vyake. "Hapana, mzee. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kuna chapter moja. Nilipatia Prof asome."

"Lini?"

Akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Sikuweza kumpa wala kumnyima. "Mwezi wa tano."

Tulikuwa Oktoba. Mbuzi alikuwa akinukia vizuri nyuma ya nyumba.

"Ni kubwa aje, hiyo chapter?" Koinet akauliza.

"Kurasa arobaini na moja, mzee. Na michoro."

"Na ulimkumbusha?"

"Nilituma email. Nne. Halafu niliogopa kusumbua."

Wazee wakajadiliana kwa lugha yao. Sikuelewa neno, ila vidole vilinielekea mara nyingi. Kisha Koinet akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose kitu. "Kwetu mtu akiwa na mke analia nje ya boma, hatumpi wa pili. Anatuliza huyo kwanza. Hiyo chapter iko wapi?"

"Iko hapa kwa laptop," Baraka akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mzee Lemayian akasogeza kiti kimoja hadi karibu na ukuta, kwenye kivuli kizuri. "Mwalimu akae hapa," akasema. "Asome. Sisi tuko."

Kurasa arobaini na moja

Nimesoma mbele ya majopo ya maprofesa. Nimetetea bajeti mbele ya watu wenye njaa. Sikuwa nimewahi kusoma nikitazamwa na wazee sita waliokuwa hawana haraka ya kwenda popote. Kila nilipoinua macho, Koinet alikuwa ananiangalia. Nilipofungua simu mara moja, kwa mazoea tu, akakohoa.

Mama Naserian akaniletea chai ya maziwa, kisha mbavu kwenye sinia. Nikala kwa mkono wa kushoto nikishusha kurasa kwa wa kulia, nikasikia aibu, nikabadilisha. Baraka alikuwa amekaa chini kando ya Naserian, wamechora kitu mchangani, lakini masikio yake yalikuwa kwangu.

Ukweli ni kwamba sura ile ni nzuri. Inahusu kifaa cha kuwasaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati kupumua, chenye pampu ya bei nafuu inayoweza kutengenezwa hapa kwetu. Ameandika wazi, bila kujionyesha, na nilikuwa nafurahia kabisa nilipofika ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa una jedwali la presha. Baraka alikuwa amesoma namba kwenye geji na kuziingiza moja kwa moja kwenye hesabu zake, akasahau kuongeza presha ya hewa inayotuzunguka sote. Ni kosa la kawaida mno. Huwa nalionyesha kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na tunalicheka pamoja. Ila baada ya jedwali hilo, kila mchoro ulikuwa umekaa pabaya, mpaka ukurasa wa mwisho.

Nikamwita. Nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma mstari mmoja, akaelewa mara moja, kwa sababu si mjinga.

"Haya majaribio umeendelea nayo?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Prof. Tangu mwezi wa tano. Nilikuwa natumia hizi namba."

"Yote?"

"Yote."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alichukua laptopu, akaiweka magotini, akaanza kuhesabu ni majaribio gani yanaweza kuokolewa, na nikamwona akifuta moja, akifuta lingine. Kumwonyesha kosa hilo kulinichukua muda wa kumeza kipande cha nyama. Ningeweza kufanya hivyo mwezi wa tano, nikiwa ofisini, na chai yangu. Nilijisikia vibaya, jameni, vibaya kweli, na nikamwomba msamaha pale pale, kwa sauti, mbele ya watu wote. Sikuwa nimewahi kumwomba mwanafunzi msamaha. Baraka alishtuka kuliko alivyoshtuka aliposikia anaozwa.

Nikarudi kitini nikasoma mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Nilipomaliza, kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye zizi na ng'ombe walikuwa wanarudi. Mzee mmoja alikuwa amesinzia. Mzee Lemayian alikuwa macho.

"Imeisha?"

"Imeisha, mzee."

"Na kijana amepata kitu?"

Baraka akajibu kabla yangu. "Nimepata, mzee. Ni mbaya, lakini nimepata."

Mzee akamwita Naserian. Alizungumza naye kwa Kiswahili, nadhani makusudi. "Hiyo mashine yako ya chumvi. Ukienda kaunti, utaitengeneza?"

"Nitakuwa natengeneza jenereta ya ofisi, Baba."

"Na hawa?"

"Hawa ndio wataniruhusu niitengeneze. Huyu Madam anachelewa, lakini ukimkalisha anajua. Umeona mwenyewe."

Mzee Lemayian akafikiri. Kisha akajifunika tena blanketi nyekundu. "Basi andika," akasema. "Mtu akichelewa, tutamkalisha."

Naserian akatoa fomu kwenye mfuko wa ovaroli, imekunjwa mara nne na ina alama ya grisi. Aliijaza juu ya kiti cha plastiki. Jina lake aliliandika polepole, akalipulizia kama wino ungekimbia. Chini yake palikuwa na nafasi ya msimamizi. Nikachukua kalamu, nikainama kutia sahihi kama ninavyotia siku zote.

"Soma kwanza," akasema Mzee Lemayian. "Soma na sisi tusikie."

Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikaisoma nikiitafsiri, sentensi baada ya sentensi, wazee wakiitikia kwa vichwa. Kipengele cha tatu kilisema msimamizi atakutana na mwanafunzi angalau mara moja kila mwezi, na kazi yoyote atakayopewa ataisoma na kuirudisha ndani ya wiki mbili. Nikakisoma mara ya pili. Kipengele hicho kiko kwenye fomu zetu zote, nami nilikuwa nimezitia sahihi mara kumi na moja.

"Hayo ni mambo mapya?" mzee akauliza.

Naserian na Baraka walikuwa wananitazama.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Kwangu mimi ni mapya."